Niliacha Kazi Mbele ya Watu, Sasa Naambiwa Nijisingizie Ndipo Nirudi

Mpendwa Maman Uwase, naomba unisaidie kabla hasira haijanitia katika kosa la pili, maana la kwanza nimekwisha kulifanya na kijiji kizima kilikuwepo.

Mimi ni veterineri wa serikali katika sekta moja ya wilaya yetu ya Rusizi, sitaitaja, ni kule mashambani ambako nyumba ikiwa na ng'ombe mmoja basi huyo ndiye shamba, ndiye ada ya shule, ndiye heshima. Asubuhi moja nilipigiwa simu kwamba ng'ombe wa mama mmoja mjane, Patricie, ameshikwa na uchungu na ndama hatoki, nikakimbia biro kuchukua pikipiki ya kazi, nikaambiwa Shefu wetu, mkuu wa sekta, amempa Bruno, mpwa wa mke wake, aende nayo Ruhwa kumletea samaki, nikampigia Shefu mwenyewe akanijibu, "Bangombe banazalaka tangu zamani bila pikipiki, ngojea arudiye," nami sikungoja, nilishika mkoba wangu nikapanda vile vilima kwa miguu na mvua juu yangu, na nilipofika ng'ombe alikuwa amekufa na ndama yumo ndani, na Patricie ameketi chini ameshika pembe, hakuinua hata uso.

Jumanne kukawa na mkutano wa kawaida wa wananchi. Patricie akasimama akauliza kwa nini daktari alichelewa. Shefu, mimi nimekaa pale pale ananiona, akasema, "Veterineri wenu alikuwa amelala." Maman Uwase, sijui hata kueleza. Nilichana karatasi katika daftari langu, nikaandika juu ya goti kwamba naacha kazi ya serikali, nikatia sahihi, nikamtupia mezani: "Shika! Sifanyi kazi tena na muongo!" Watu wakapiga makofi, vijana wakapiga miluzi, nikaondoka shingo juu kama bibi harusi.

Siku chache baadaye akanijia Kabera, jirani yangu, ambaye makofi yake ndiyo niliyoyasikia kuliko ya wote. Ng'ombe wake alikuwa amevimba tumbo. Nikamwambia, "Kabera, mimi si veterineri tena, dawa zimefungiwa biro na ufunguo nilirudisha." Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Lakini siye tulipiga tu makofi! Hatukujuwa kama unaenda kweli-kweli!" Nilikwenda nikafanya lililowezekana kwa mikono mitupu. Hata jioni hakufika, ng'ombe yule.

Basi nikameza kiburi nikaenda kwa Shefu kumwambia nataka kuiondoa ile barua. Akacheka. "Maji yakimwagika hayazoleki, mademoiselle. Iko muntu mwingine anangojea iyo nafasi." Halafu akalainisha sauti: "Lakini mi si muntu mubaya. Siku ya mukutano simama mbele ya batu, useme ulilala, uniombe pardon. Ukisema, iyo barua yako ya demisyo naipasula hapa hapa."

Papa anasema binti yake harambi matapishi, nirudi kwetu Kamembe mjini nitafute kazi nyingine. Maman anasema, "Sema tu, mwanangu, ulimi hauna mfupa." Mimi sili, najibu watu vibaya, nikikutana na Bruno juu ya ile pikipiki natamani kuokota jiwe. Nikikubali, nimejiita muuaji wa ng'ombe wa mjane. Nikikataa, ng'ombe wa watu wataendelea kufa. Je, aliyeacha kazi ana haki ya kuirudia, au lazima atambae?

Feza, Rusizi

Feza,

Nimeisoma barua yako nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Mtu anatuma pikipiki ya ng'ombe ikamletee samaki, kisha anakuita mlalaji mbele ya mjane! Hasira yako ni halali. Ulichoifanyia ndicho kinachoniudhi.

Ulimwadhibu nani kwa ile karatasi? Shefu alikula samaki wake. Aliyelipa ni Kabera, na Kabera hajakutendea ubaya wowote zaidi ya kupiga makofi. Ukiwa na kazi inayoshika uhai wa watu wengine, huitupi mezani kama kadi ya mchezo kwa sababu damu imepanda. Ulipaswa kuikalia hasira yako hadi kesho yake, ukaandike mashtaka.

Sasa nisikilize, maana umeshindwa kuona kitu kilicho wazi. Shefu anasema ataipasua barua yako. Anaipasuaje kama ilikwisha kwenda wilayani? Mtu hapasui karatasi asiyo nayo! Iko mfukoni mwake, Feza, au katika saraka yake. Na aliyekuajiri si yeye, ni wilaya. Kuna yeyote wilayani aliyekuandikia kwamba kujiuzulu kwako kumekubaliwa? Hujaniambia hivyo, nami naamini hakuna. Basi umeondoka kazini kwa mdomo wa Shefu tu, na mdomo huo tunajua unavyosema.

Kwa hiyo kesho asubuhi usiende kwake. Nenda wilayani, kwa wale waliokupa kazi, na barua fupi: nilijiuzulu, naondoa kujiuzulu kwangu, niko tayari kurudi kazini. Usiweke machozi humo, wala samaki. Wakupigie kashe, ule muhuri wa kupokea, katika nakala yako. Kisha uingie kwa mkaguzi wa kazi akufungulie sheria inayokuhusu, kwa maana mimi ni mama wa ushauri, si hakimu, na mambo haya huenda kwa maandishi na kwa muda. Ukichelewa, barua ikapata jibu, mlango unaweza kufungwa kweli. Suala la pikipiki liandikie barua ya peke yake. Kurudi kazini ni jambo moja, uongo wa Shefu ni jambo jingine, naye anayachanganya makusudi ili ununue haki yako kwa jina lako.

Usiseme ulilala. Mwambie mama yako ulimi hauna mfupa, lakini jina lina mwenyewe. Na papa yako mwambie hakuna matapishi hapa. Hiyo ni kazi yako uliyoisomea.

Kitu cha mwisho, na hapa nakugombeza kweli. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia Patricie yaliyotokea. Ulimwita Shefu muongo, ukaondoka, na mjane akabaki hajui uongo ni upi. Nenda kwake, kabla ya huo mkutano. Leo ikiwezekana.

Maman Uwase

Feza alituandikia tena, nasi tunaichapa barua yake kwa ruhusa yake:

Maman Uwase, wilayani barua yangu ya kuacha kazi hawakuwahi kuiona. Walipokea ile ya kuiondoa, wakapiga kashe, na kwa maandishi wakaniambia niendelee na kazi. Shefu alinirudishia ufunguo wa dawa bila kunisalimu.

Kwa Patricie nilikwenda siku ile ile niliyosoma jibu lako. Alinisikiliza mlangoni, hakunipa kiti. Nilipomaliza akasema, "Nilikuona unakuya kwa miguu, matope mpaka kwa magoti. Siku ya mukutano nikangojea useme. Ukapiga kelele juu ya kazi yako, lakini juu ya ngombe yangu hukusema hata neno moja." Nililia njia nzima.

Jumanne, Shefu hata hajafungua mkutano, Patricie alisimama akamwuliza mbele ya wote: pikipiki ilikuwa wapi asubuhi ile? Shefu akaanza kutafuta maneno. Nikasimama kando ya Patricie, nikajibu mimi.