Krenki Mbili za Jasinto

Mpendwa mtani wangu Jasinto,

Kama bado uko hai huko ng'ambo ya Ruvuma, basi umezeeka vibaya, maana hata ujanani sura yako ilikuwa kama ya kuazima. Mimi nimezeeka vizuri, ila mwili umegoma. Juzi daktari alizungumza na wanangu barazani akidhani sisikii. Nilisikia vizuri sana. Kwa hiyo kabla sijaondoka nina jambo la kuungama kwako, na kwa kuwa sijui uliko, naliungama hadharani. Mjukuu wangu Neema, ninayekaa kwake hapa Chuno, Mtwara mjini, ndiye anayeandika huku mimi nikisema. Ataibandika barua hii kivukoni na kuitembeza kwenye simu. Yeyote anayekufahamu akusomee.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuwa mtu wa kuja, nimeletwa Mtwara na kazi ya kufundisha fizikia. Wewe, mtoto wa watu waliovuka kutoka Msumbiji, ulikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Nanyamba. Nilikuletea baiskeli yangu imekatika krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedeli. Ukaizunguka mara mbili, ukauliza, "Mwalimu, hii uliinunua au uliiokota?"

Nikakujibu, "Niliiokota hapa mlangoni, nikadhani ni ya bibi yako."

Watu kibandani wakasogea nyuma wakingoja ngumi. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini vumbini. "Huyu ni mtani wangu kuanzia leo," ukawatangazia. "Akifa, mimi ndiye nitakayemsema kaburini."

Baada ya hapo Jumamosi zetu zilikuwa za mteremko. Tulitoka juu Nanyamba asubuhi, tukashuka na njia ile ya changarawe na mizizi ya mikorosho hadi bondeni Mahurunga. Ulinifundisha kuteremka kwa kunizomea. "Inuka, Mwalimu! Simama juu ya pedeli, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, sawasawa! Matako nyuma! Hapo si ofisini!" Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na mke, shahada na kipara, na bado nilipiga mayowe kila tuta.

Kwa uzito wangu, krenki za dukani hazikudumu. Kila baiskeli iliporuka na kutua, mwili mzima uliangukia mikono ile miwili ya chuma, nayo ikapinda au ikapasuka. Ndipo ukachukua ekseli ya lori bovu, ukanifulia jozi yako mwenyewe. Nilikaa siku nzima nikivuta mivukuto kuchochea moto. Ulipomaliza kuzitumbukiza kwenye oili chafu, ulizining'iniza kwa kamba, ukazigonga kwa spana, ukasikiliza huku umefumba macho. Zililia kama kengele ya kanisani.

"Hizi zitakuzika," ukasema.

Sasa nakuja kwenye dhambi.

Yale mashindano ya kushuka baada ya msimu wa korosho, unajua nilivyoyataka. Mteremkoni hakuna aliyenigusa, lakini kipande cha mwisho ni tambarare, na hapo kila mwaka walinipita wembamba. Nikapiga hesabu zangu: nikipunguza uzito wa krenki, miguu itazunguka upesi. Nikaenda karakana ya shule, nikaifungua krenki ya kushoto, nikaitoboa matundu matatu. Nikayaziba kwa nta ya mshumaa, nikapaka rangi nyeusi juu ili usione, kwa sababu nilijua ungenikataza. Ya kulia sikuigusa. Ile ina gurudumu la meno na mnyororo, na mimi sikupenda grisi.

Jasinto, wiki ileile niliwafundisha Kidato cha Tatu kwamba chuma huanza kupasuka pale kilipotobolewa.

Unajua kilichotokea, ila hukujua kwa nini. Kwenye mzizi wa mwisho, ule mkubwa, krenki ya kushoto ilikatika kwenye tundu la katikati. Niliruka juu ya stelingi, nikatua kifudifudi kwenye jaruba la mpunga. Ulikuja mbio ukipiga kelele, "Mwalimu, uko hai?"

Nikatema matope. "Niko hai."

"Ah. Na baiskeli?"

Mahurunga nzima ilicheka, nami nilicheka. Kisha mtu mmoja akapaza sauti: "Fundi, umemfulia krenki au umemchongea muhogo?" Hapo kicheko kikahama, kikaja kwako. Wakati huo kipande chenye matundu, nilichokiokota kabla hujanifikia, kilikuwa ndani ya shati langu, baridi tumboni. Nikasema kimezama kwenye matope. Kisiki kilichobaki kwenye baiskeli nilikipaka matope usikione, usiku nikakifungua.

Ulikitafuta siku mbili. Suruali umeikunja, mikono imezama hadi viwikoni, unapapasa jaruba zima. "Nikikiona kilipokatikia nitajua nilikosea wapi," uliniambia. Hukuwa na hasira. Ulitaka kujifunza. Nami nilisimama kwenye tuta nikikuonyesha pa kupapasa, mahali nilipojua hakipo.

Waliopanga foleni kwako na baiskeli za kubebea korosho wakaanza kuzipeleka kwingine. "Krenki za muhogo," walisema. Kabla ya mvua zilizofuata ulifunga vyombo vyako, ukavuka mto. Uliniaga kwa kunitania, mimi nikakuaga kwa kukudanganya.

Neema ameacha kuandika, ananitazama.

"Babu, na wewe ulifundisha fizikia?"

"Miaka thelathini."

"Maskini wanafunzi."

Ungempenda, Jasinto. Kila Jumamosi anashuka mteremko uleule pamoja na wenzake wenye baiskeli za milimani za mtumba, zenye gia na matairi mapana. Wao wanavaa kofia ngumu na kuruka mashimo ambayo sisi tuliyakwepa. Na kila baada ya muda, mmoja wao anarudi akisukuma, krenki mkononi. Neema anapanda baiskeli yangu ya zamani. Krenki ya kushoto nimeibadilisha hata nimesahau mara ngapi, zote za dukani. Ya kulia ni ileile yako. Imeshuka na mimi, ikashuka na mwanangu, sasa inashuka na huyu. Wenzake wanaigonga kwa spana ili waisikie ikilia, wanauliza ni ya kampuni gani. Siku zote nilijibu, "Ya zamani tu." Leo Neema anaandika jibu kamili: ilifuliwa na Fundi Jasinto wa Nanyamba, na hata ile nyingine isingekatika kama si mimi.

Nimefurahi leo kuliko nilivyotazamia. Nilidhani kuungama kutaniuma, kumbe ni kama kuachia breki.

Mtani, una kazi uliyojipa mbele ya watu. Ukiwahi, njoo unitukane nikiwa nasikia. Ukichelewa, njoo vilevile. Kipande kiko kwenye sanduku langu la bati, nimemkabidhi Neema. Kichukue, simama kaburini, wapitishie waombolezaji waguse kwa kidole lile tundu kilipokatikia, kisha uniseme utakavyo. Watacheka, na safari hii wamcheke anayestahili. Ukimaliza, Neema atakusogezea baiskeli; gonga ile ya kulia kwa spana. Ulisema itanizika.

Mtani wako, muhogo halisi,
Mwalimu