Kituo cha Kumi cha Sisilia

Jumapili, Oktoba. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sahani, na bomba halijatoa maji siku ya nne sasa. Moyo wangu mzito.

Leo nilitakiwa kumaliza makala. Kuna tovuti ya safari ambayo hunipa kazi ya kuandika kuhusu nchi nisizowahi kuzikanyaga, na mara hii wameniagiza Sisilia, kile kisiwa kikubwa cha Italia katika bahari ya Mediteranea. Wanataka vituo kumi vya historia na utamaduni ambavyo mgeni hatakiwi kuvikosa. Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ni Newala hadi Mtwara! Lakini tisa nimeviandika, tena kwa mbwembwe. Nimewapeleka watu Agrigento kwenye mahekalu ya Wagiriki, nimewaingiza kanisa la Monreale lenye kuta za dhahabu. Siracusa nilikaa siku nzima, kwa sababu kanisa kuu la pale limejengwa ndani ya hekalu la kale, na nguzo za zamani bado zinaonekana ukutani. Waliziba katikati kwa mawe wakaendelea kusali.

Cha kumi sijaandika.

Alhamisi nilikuwa natafuta kitu kidogo cha kumalizia, nikakuta jumba la makumbusho katika mji mmoja mdogo, chumba kimoja tu cha vitu vilivyoletwa kutoka Afrika. Nikafungua picha. Nikaona kinyago cha ngoma, kile cha kuvalishwa kichwani, ambacho sisi wa huku Newala tunakiita lipiko, chenye nywele za mtu kweli na nembo, zile chale za usoni, zilizochorwa kwa nta mashavuni. Kimeshikwa na kijana aliyesimama kando ya gari, anacheka. Maelezo ya chini niliyatafsiri kwa simu: kijana aliyetuletea kinyago hiki, Newala.

Kijana yule ni baba yangu.

Nieleze, maana nisipoeleza nitaonekana nalia bure. Kinyago kile alikichonga babu, baba yake mama, na alipokufa kikabaki mikononi mwa mjomba wangu Kalisti. Kazi ya mjomba ilikuwa kukitunza porini, kwenye banda la wanaume, mpaka siku ya watoto kutoka jandoni. Mwanamke hukiona kikicheza uwanjani tu, tena kwa mbali. Kukikuta kimelala, kukishika, hata kukizungumzia, hapana. Ndivyo tulivyolelewa, mpaka leo nikisikia ngoma ile narudi nyuma hatua mbili.

Mwaka mmoja siku ya kutoka ilifika na kinyago hakipo. Wanaume wakasema Kalisti amekiuza kwa Wazungu. Wakamtoa katika mambo ya jando moja kwa moja. Wanawe walisindikizwa na wanaume wengine, yeye akabaki nyumbani na wanawake. Alihamia Chilangala, akapanda mikorosho yake, akakaa kimya. Kwenye msiba wa mama, dada yake wa tumbo moja, alikaa nyuma kabisa pamoja na wageni. Mimi nilimwona, nikampelekea chai, nikaondoka haraka.

Na aliyemsema kwa ukali kuliko wote, tangu siku ya kwanza, ni baba.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu. Mjukuu wake anaingia jandoni Desemba, na wazee wanakaa Jumatano kupanga. Baba ndiye mwenye kauli pale. "Mwanangu, mwambie baba yako mimi sitaki kuingia," alisema. "Nikae njiani tu, mtoto akipita anione." Kisha akakohoa sana, kile kikohozi chake cha tangu masika. Nikamwambia nitasema. Sikusema.

Jana mchana ndiyo nilijikaza. Baba alikuwa uani anabangua korosho. Nikamwekea simu mbele yake bila salamu wala utangulizi. Aliitazama, akachukua korosho nyingine. Nilitegemea akatae, au aulize nimeipata wapi.

"Mwanamke hatazami kitu hicho, Asteria," akasema. "Futa."

Nikafuta. Nina miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, na nilifuta mbele yake kwa kidole changu mwenyewe.

Nilipogeuka kuondoka akaongeza, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye korosho: "Unadhani gari lile lilisimama bure?"

Nilielewa ni gari gani. Hadithi hiyo nimelishwa pamoja na uji. Nikiwa na miezi minane nilishikwa na degedege, na Mungu akaleta gari la mgeni lililonikimbiza hospitali. Kila Krismasi mama aliishukuru bahati ile. Sasa nimejua kilichotolewa ili mlango wa gari ufunguliwe: kinyago. Sijui kama mama alijua. Hilo ndilo linalonichoma, na sina tena wa kumuuliza.

Basi sina ubavu wa kumhukumu baba kwa kukitoa. Nisingekuwepo kumhukumu. Lakini kumsingizia shemeji yake, na kuendelea miaka yote hii, huku mtu anazeeka Chilangala? Hapo sina la kumtetea, ingawa nampenda, na leo mchana nimempakulia ugali wake vizuri tu.

Baada ya misa nimeitafuta ile picha upya, nikaichapisha steshenari. Kisha nimeikunja kwa ndani, kinyago hakionekani. Umebaki uso wa baba, gari, na yale maneno ya chini, ambayo nimeyaandika kwa Kiswahili kwa kalamu. Mwanamke asitazame lipiko, sawa. Hakuna aliyewahi kunikataza kutazama picha ya baba yangu. Mjomba akitaka kuona kilichokunjwa ataikunjua mwenyewe, yeye ni mwanaume aliyetoka jandoni.

Majina nimeyabadilisha. Anayetujua atatujua.

Kesho asubuhi nachukua bodaboda kwenda Chilangala, na Jumatano mjomba ataamua mwenyewe cha kuwaambia wazee. Naogopa atakachofanya. Naogopa kurudi nyumbani kwa baba.

Ila kinachoniogopesha kuliko vyote ni swali moja. Mjomba ataniuliza nimelijua hili tangu lini, na itabidi nimwambie: tangu Alhamisi. Miaka yote ile ya kutengwa waliyompa wengine, mimi nimemwongezea siku tatu. Kesho zitakuwa nne.