Mwajiri Anamkata Mwanangu Mshahara, na Ndiye Anayetuposea

Mpendwa Bi Inshirah, naomba unishike mkono maana nimekwama na sina wa kumwambia.

Mimi ni mama Wagdi wa hapa Tanta, mjane, shule niliishia darasa la nne, lakini mwanangu huyo, Mungu amkinge na macho ya watu, hana mfano mjini kwa kutengeneza wanasesere wa sukari wa Maulidi, akifungua kalibu utadhani bibi arusi katoka mwenyewe, na nyusi huwachora nyembamba kama zangu nilipokuwa msichana, wala sijisifu, waulize majirani. Anafanya kazi kwa Haji Shahhat, mwenye karakana na duka kubwa, na tangu msimu huu uanze kila mwanasesere anayevunjika anakatwa Wagdi, awe kavunjikia mkononi mwake, au kwenye kalibu kuukuu iliyopasuka, au ndani ya gari likienda dukani, hata mwezi uliopita akaleta nyumbani nusu ya mshahara. Nikamwambia vumilia mwanangu, kwa sababu Haji ameahidi kwenda nasi Alhamisi kumposa Rabab, binti wa mwalimu, asome Fatiha ya kufunga uchumba na baba yake badala ya marehemu mume wangu, na mimi nimeshatangaza mtaa mzima, mpaka muuza mikate anajua. Ndugu yangu Metwalli yupo, ila yeye anauza maini ya kukaanga kwenye mkokoteni, na sauti yake, Bi Inshirah, inafika kituo cha treni.

Basi juzi nikapita dukani kwa Haji kutafuta sukari ya chai, muuzaji akaniambia, "Chukua hivi vipande vya karakana, mama, utamu ni ule ule, bei nusu," nikachukua kilo na risiti yake, nikafika nyumbani nikamimina, nikauona uso wa mwanasesere na nyusi zangu zile zile, na niseme kweli, nilifurahi, nikaita, "Wagdi, njoo uone, kazi yako inanunuliwa hata ikivunjika!" Akaja, akatazama, akaweka chini glasi ya chai. "Mama, huyo alishalipiwa. Nilimlipia mimi. Sasa umemlipia na wewe."

Asubuhi akamuuliza Haji, na Haji akacheka mbele ya mafundi wote: "We Wagdi, mtoto akivunja sahani ya baba yake si hugombezwa? Mimi nakwenda kukuposea mke, wewe unanidai vumbi la sukari! Haya, nenda ofisi ya kazi, halafu umtafute wa kukusemea Alhamisi."

Sasa Wagdi anataka kwenda kushtaki kweli, nami nimekificha kitambulisho chake chini ya godoro, na toka jana hali chakula changu. Nimzuie mpaka Fatiha isomwe, ama nifanyeje?

Mama Wagdi, Tanta, Misri

*

Mama Wagdi,

Pole. Mwanao ni fundi, nimekubali, na nyusi hizo ningependa kuziona. Lakini umemficha kitambulisho mwanamume unayetaka kumwoza? Mrudishie kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Haji si baba yake, ni mwajiri wake. Baba hamkati mwanawe mshahara. Sheria haimruhusu mwajiri kukata anavyotaka: hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, asikilizwe kwanza, na hata akionekana ana kosa, asikatwe kwa mwezi zaidi ya ujira wa siku tano. Kalibu iliyopasuka ni ya Haji. Gari ni la Haji. Na kitu alichomlipisha mwanao kisha akakiuza, hiyo si hasara, ni biashara.

Unaogopa Alhamisi. Naelewa, mjane hupenda kuingia nyumba ya watu na mtu mzito mbele yake. Lakini fikiri: mwalimu atauliza kijana wako anapata kiasi gani. Haji atajibu nini? Mshahara kabla hajaukata, au alioubakiza? Mtu huyo akishasoma Fatiha yenu, kila Wagdi atakapodai haki yake ataambiwa, "Mimi ndiye niliyekuoza." Utakuwa umemlipa Haji kwa mke wa mwanao, na malipo hayo hayaishi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wagdi asiache kazi kwa hasira, na asitie saini karatasi yoyote ya kukiri kavunja. Azungumze na mafundi wenzake, maana sidhani anakatwa peke yake. Wamwandikie Haji kudai walichokatwa, wabaki na nakala. Asipojibu, waende ofisi ya kazi pamoja, na wasingoje Maulidi yaishe.

Alhamisi aende mjomba. Mwambie Metwalli afue kanzu, aoge harufu ya maini imtoke, na asione haya: pesa yake hajaikata kwa mtu. Sauti inafika kituo cha treni? Vizuri, mwalimu atasikia kila neno. Umwambie mwalimu mwenyewe kwamba kijana wako yuko kwenye madai, na kwa nini. Akimkataa kwa hilo, afadhali mmejua mapema.

Na ile sukari, mama, usiitie tena kwenye chai. Ifunge pamoja na risiti ya duka, mpe Wagdi akaiweke mezani ofisi ya kazi, uso wenye nyusi zako ukiwa juu.

Inshirah