Fomu Niliyoijaza kwa Jina la Baba

Gothenburg, 14 Juni

Shikamoo Shangazi Wafaa,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Fomu ya kumwombea Baba mshauri wa kazi niliijaza mimi, kwa jina lake. Yeye anaamini wenye mpango huo walimchagua wenyewe, kwa sababu ya madaraja aliyojenga huko Homs.

Mshauri ni Bi Gunvor, mhandisi mstaafu. Alimpatia miezi mitatu ya majaribio katika ofisi yake ya zamani. Wenzake walipokwenda kunywa kahawa, Baba alibaki mezani ili waone bidii yake. Wao wakaona anaringa. Bi Gunvor alipopata habari akaja nyumbani kwetu.

"Munir, madaraja unayajua. Kukaa na watu ndiko usikokujua! Kesho saa tatu, kikombe mkononi, uulize habari za watoto wao."

"Kwa hiyo nilipwe kwa kupiga soga?"

"Ndiyo. Na upeleke biskuti."

Akapeleka zile za tende za Mama. Jana wamempa ajira ya kudumu! Ameimba jikoni, mara ya kwanza tangu tuhame. "Waliniona wenyewe," anamwambia kila jirani.

Shule nimemaliza Ijumaa, salama.

Najua humfichi kaka yako kitu. Hili moja tu mfiche, Shangazi.

Mwanao,
Lamis