Mke wa Damasi

Jumanne

Damasi tena! Kozi ya uganga tumeanza pamoja, lakini leo wodini daktari hakuona mwanafunzi mwingine.

Asubuhi walimshusha bibi mmoja kutoka milimani kwa machela, mkono wake wa kulia umelegea. Daktari akashuku kiharusi, akaniambia nianze mimi kupima mishipa ya fahamu ya kichwa. Nikamwamkia shikamoo. Macho yake yalifuata kidole changu vizuri. Kisha nikamwambia atoe ulimi, akafumba mdomo kabisa. Mtu mzima amtolee ulimi mtoto wa watu? Nikarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba tatizo ni masikio. Ovyo kabisa.

Damasi akasogea, akainama. "Mke wangu, umeniacha na njaa nyumbani, umekuja kulala huku?"

Utani wa bibi na mjukuu, basi. Bibi akacheka. Paji la uso likakunjamana pande zote mbili, lakini mdomo ukavutika kushoto tu. Na ulimi akamtolea, ukapinda kulia, upande uliolegea. Dalili za kiharusi hizo.

"Kazi nzuri, Ndugu Damasi," akasema daktari.

Mimi nina bibi pale Bigwa, ananiita mume wake kila siku. Kwa nini haikunijia?

Jioni nilipita kumwangalia. Naogopa hatapona. Akanishika kwa mkono mzima, akauliza kwa shida, "Mume wangu yuko wapi?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba ameoa mwingine.

Bibi akacheka sana, mdomo ukavutika kushoto, na daktari hayupo.