Mkwe Asiye wa Kwao Wala wa Kwetu

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi ya kiangazi imetubana hapa Likasi. Asubuhi hii upepo ulileta vumbi la barabara mpaka ndani ya chai. Nina mafua, kitenge changu kinanuka moshi wa mbabula, lile jiko la makaa tunalopikia uani mwa hospitali, na mgongo unaniuma kwa kulala kwenye mkeka. Hata hivyo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kidole gumba cha mguu wa Pascal kimecheza.

Pascal ni mume wangu. Wiki iliyopita alikuwa akienda kazini kiwandani kwa baiskeli yake, kama kila siku, lori la kubeba mawe ya madini likamgonga kwenye kona. Baiskeli ilikunjika kama waya wa kutundikia nguo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika juu na chini ya goti. Daktari, kijana mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, alituambia tangu mwanzo kwamba damu haifiki vizuri kwenye wayo, kwamba lazima apasuliwe haraka, na kwamba tukichelewa mguu utakatwa. Mwenye lori naye alikuwa ameshatuma mtu kusema atalipia upasuaji. Hatukuwa na cha kungoja.

Basi kwa nini tulingoja?

Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, na ni afadhali niiandike leo nikiwa na furaha, maana nikiiacha nitakuja kuipamba.

Jioni ile ile ya ajali alikuja mtu mwenye koti la kijivu, ameshika mkate na paketi ya sukari. Alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani, akamshika Pascal mkono, akalia. Machozi kabisa, si ya kuazima. "Yaya, yaya yangu!" alisema, na kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Pascal alikuwa amelewa dawa, alimtazama tu. Mtu yule akasema anaitwa Floribert. Mimi nikaondoka kwenye kiti, nikampisha.

Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni mdogo wake mmoja wa kule ziwani Tshangalele. Ukoo wa Pascal hauishi. Kila Noeli naletewa shemeji mpya wa kumsalimia. Na ndugu wa mume humuulizi yeye ni nani. Ukimuuliza, umesema kwamba tangu uolewe hujawahi kuwatazama watu wake, na hutasikia mwisho wake. Kwa hiyo nilifanya kama mama alivyonifundisha. Nilimpa maji ya kunawa, nikampikia bukari, ugali wetu wa huku, nikampa kipande kizuri cha samaki.

Mama yangu alikuwa uani, kwenye mkeka wake, pamoja na wanawake wengine wanaolinda wagonjwa. Mama ni mtu wa upande wa Sakania, na ukwe kwake ni kitu kizito. Hali chakula mbele ya wakwe wa kiume, hapandishi sauti walipo, na wakipita hugeuza uso. Sasa Floribert akaenda akaketi kwenye mkeka huo huo, akamega bukari kwenye sahani ya mama! Niliona mama akijifunika kitenge mpaka puani.

Kesho yake akafika Yaya Ilunga, kaka mkubwa wa Pascal, na fungu la samaki wakavu. Niliona anamsalimia Floribert kwa adabu nyingi, kisha anampa kiti chake. Tangu lini kaka mkubwa akampisha mdogo wake? Niliona kwa macho yangu haya mawili. Sikufikiri.

Siku hiyo hiyo Floribert aliniita pembeni, karibu na bomba.

"Bukwe, musikubali bamupasule sasa," alisema, na bukwe kwetu ni mkwe. "Kama mwenye kamiyo analipa operesho, affaire inakufa. Kuko maître mumoja mukubwa sana. Docteur yake atatoka Lubumbashi kuona muguu vile iko. Tusaini kwanza, kiisha bamupasule."

Maître ni wakili, na affaire ni kesi ya kudai fidia. Mimi hapo nilisikia nini? Nilisikia ukoo wa mume wangu umeamua. Kwenye cherehani yangu kule Kikula wateja wananiogopa kwa mdomo. Mtu akileta kitambaa pungufu namwambia papo hapo kwamba nitamshonea nusu ya gauni. Lakini pale bombani nilikunja mikono kama mtoto wa katekisimu. Nikaenda kumwambia daktari kwamba tunangoja familia.

"Mama, muguu hautangoya familia," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Usiku kucha nilikuwa nanyoosha mkono kuugusa wayo wa Pascal chini ya blanketi. Ulikuwa wa baridi. Ule wa kulia ulikuwa na joto, wa kushoto baridi. Nilijiambia ni kiangazi tu. Mungu anajua nilivyojidanganya.

Asubuhi Floribert alirudi na karatasi ya kumpa yule wakili mamlaka yote juu ya kesi ya Pascal. Kalamu alikuwa nayo tayari, ameshaitoa kifuniko. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba jambo linalohusu mwili wa Pascal siwezi kulitia sahihi mimi kwanza. Yaya Ilunga ndiye mkubwa, kalamu ianze kwake, mimi nitafuata. Kwetu ndivyo ilivyo. Nilisema hivyo nikidhani namfurahisha, kwamba ataona jinsi nilivyolelewa.

Hakufurahi.

"Apana, bukwe, haina lazima," alisema. "Weye njo bibi yake. Weye moya unatosha."

Hapo nikazinduka. Tangu nimeolewa nimesikia mengi kutoka upande wa mume wangu: kwamba chumvi nazidisha, kwamba watoto nawadekeza, kwamba gauni zangu zinabana. Ila kwamba mimi peke yangu ninatosha, hilo sijawahi kulisikia. Hakuna ndugu wa mume anayesema hivyo chini ya jua hili.

Nilimwambia anisubiri kidogo. Nikatoka uani karibu nikikimbia.

Yaya Ilunga alikuwa akiota moto kwenye mbabula. Nikamwambia ndugu yake ameleta karatasi, nikauliza kama yeye ameiona.

"Ndugu yangu gani?" akauliza.

"Floribert."

"Floribert?" Akaweka kikombe chini. "Ule si njo kaka yako? Minye nilizania ni muntu ya kwenu, ya Sakania. Njo maana nilimupa kiti."

"Lakini anamwita Pascal yaya!"

"Si hata mudogo ya bibi anaitaka bwana ya dada yake yaya?"

Ni kweli, mdogo wa mke humwita shemeji yake hivyo. Kisha akaniambia jambo lililonikata maini: yeye naye alikuwa akiumia moyoni kwa nini upasuaji haufanyiki, ila alijiambia kwamba ni upande wa mke ndio unaokataa, na wakwe hawagombezwi hospitalini. Mimi nilidhani ni upande wao. Pascal kalala katikati yetu, mguu unapoa, na pande zote mbili zinafanya adabu.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka kwenye mkeka. Aliinuka. Mama yangu, ambaye tangu siku ya mahari hajawahi kuzungumza mbele ya Yaya Ilunga isipokuwa kwa kunong'ona, alifunga kitenge kiunoni na kupita mbele yake bila kugeuza uso. Tulimfuata mpaka ndani. Floribert alikuwa ameketi karibu na kitanda, karatasi kwenye goti.

"Weye," mama alimwambia, sauti ikajaa chumba kizima. "Weye ni mutoto ya nani?"

Swali dogo hivyo. Lingetugharimu nini kuliuliza jioni ile ya kwanza?

Floribert alimtazama mama, akamtazama Yaya Ilunga, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anatafuta ni upande gani umebaki wa kuwa ndugu yake. Akasema yeye ni wa kusaidia tu, kwamba maître humtuma kwa watu wenye shida. Mama akarudia swali lake, neno kwa neno. Basi yule mtu akakunja karatasi, akaitia kotini, akatoka kwa haraka hata mlango hakuufunga. Mkate wake tulikuwa tumeshaula, siwezi kusema uongo.

Nilimkuta daktari kwenye korido. Nilisema "mpasue" kabla hata ya kumsalimia.

Wakati wanamwandaa Pascal, nilimweleza daktari yaliyotokea. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alisema watu wa namna hiyo wanafuata ajali kama inzi, na kwamba wakili haruhusiwi kutafuta wateja kwenye vitanda vya wagonjwa wala kutuma mtu amtafutie. Sheria yao wenyewe inakataza. Karatasi kama zile yeye ameshazisoma: kila kitakachotolewa kwa ajili ya mguu kinapitia mkononi mwa wakili, naye anajikatia nusu kabla mgonjwa hajaona kitu. Na upasuaji wanauchelewesha kwa sababu mguu unaotisha unasikitisha zaidi mbele ya hakimu. Akasema hilo kwa sauti yake ya chini, akaingia kunawa mikono.

Nilikaa sakafuni pale pale kwenye korido. Mguu wa mume wangu, ambao kila jioni ulikuwa unasukuma pedali kunirudishia mwenyewe nyumbani, kuna mtu mahali fulani alitaka uoze kidogo ili upendeze mahakamani. Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nani alimpigia simu Floribert jioni ile ya ajali, hata akalijua jina la Pascal kabla ya ndugu zake kufika? Sijui, na sitaki kumsingizia mtu.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Daktari alitoka akisema amefanya alichoweza, na kwamba vidole ndivyo vitakavyotujibu. Kuanzia hapo sisi watatu, mama, Yaya Ilunga na mimi, tulikaa tukitazama vidole vitano vya mguu kama watu wanaongoja maji kuchemka.

Na leo asubuhi, baada ya ile chai yenye vumbi, daktari alimwambia Pascal ajaribu. Pascal alikunja uso. Hakikutokea kitu. Akajaribu tena, jasho likamtoka na baridi yote hii, na kidole gumba kikainama, kikainuka. Kidogo sana. Mama alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha, kisha alipoona na yeye akacheka. Nilishika wayo. Una joto! Nimeushika mpaka Pascal akaniambia namfinya.

Ile siku moja iliyopotea bado inanichoma. Daktari anasema huenda atachechemea, na huenda kuchechemea huko kumetokana na siku ile, hakuna atakayejua. Kama mguu ungekatwa, ningekuwa nimeukata mimi kwa tabia zangu njema. Heshima si utumwa, wazee walisema, nami nilikuwa naisema hiyo methali kwa wengine kila siku pale kwenye cherehani.

Mchana, Pascal alipopata nguvu ya kuzungumza, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa hili:

"Ule muntu ya koti, mwenye kunililia, ataya tena?"

Nikamwambia hatarudi. Nikamuuliza kwa nini, yeye mwenyewe, hakutuambia kwamba hamjui.

"Nilizania ni muntu ya kwenu," alisema. "Bukwe nitamufukuza namna gani?"

Nilicheka mpaka machozi. Naye alicheka, akaumia, akaniomba niache, nami nikashindwa kuacha. Mgonjwa mwenyewe! Kalala pale analiliwa na mgeni asiyemjua, na anavumilia kwa ajili ya kuwaheshimu watu wangu. Nampenda huyu mwanamume, na naandika hapa ili asije akasema sijawahi kulisema.

Wakili tutamtafuta, maana lori lilimgonga Pascal kweli na mwenye lori lazima awajibike. Lakini wakili tutamfuata ofisini kwake, baada ya kuuliza parokiani ni nani mwaminifu. Pascal anasema tungoje kidogo, atakwenda kwa miguu yake miwili.

Jioni hii, nilipokuwa nafunga vyombo, alikuja mtu mwenye kofia ya sufu, na mkate mkononi. Akanyoosha mkono, akasema, "Bukwe, jambo." Yaya Ilunga alikuwa ametoka kununua makaa. Mama alinitazama. Nikaweka vyombo chini, nikasimama mlangoni wima, nikamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Alinuna. Halafu akanitajia baba yake, na mama yake, na babu yake aliyekuwa na mitumbwi miwili pale Tshangalele, na shangazi aliyemlea Pascal alipokuwa na surua, na ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi yangu, na jinsi mimi siku hiyo nilivyokanyaga gauni na kuanguka mbele ya padri. Sikumkatiza. Nilimwacha amalize mpaka mwisho, mkate wake bado mkononi, kisha nikampisha na kumpa kiti kwa mikono miwili.

Ataenda kusema ziwani kwamba mke wa Pascal hana adabu. Na aseme.

Kesho daktari anataka tujaribu kidole cha pili.