Kunong'ona Kwenye Chumba cha Mtihani

Murungu, Jumatano. Ukungu tangu asubuhi, na moyo umechacha kama togwa iliyosahaulika chunguni.

Leo nimefanya Hisabati. Nimerudia. Wanatuita watahiniwa wa kujitegemea, jina la heshima la watu waliofeli.

Mnanijua, sijisifu bure. Kichwa changu walimu walisema kina nyuki, nikakitibu mwenyewe kwa ASMR: zile video za mtu anayenong'ona kwenye maiki, akigongagonga kopo kwa kucha na kukwaruza kitana. Wangu ni dada mmoja wa kizungu. Kiingereza chake nusu sikielewi, ndiyo maana ananituliza. Ningemwelewa ningeanza kumbishia. Namweka masikioni, nyuki wanalala, nakokotoa vipeuo bila jasho.

Mdogo wangu Neema akipita anacheka: "Kaka, wifi wa kwenye simu hajambo?" Mama yeye alianza maombi kabisa. "Mwana wanje, mwanangu, mtu mzima anayenong'ona ana nia gani?"

Niliringa kijiji kizima. Nilimringia hata Odilia, ninayesoma naye jioni. Odilia aliacha shule kwa sababu ya mimba. Sasa mtoto anatembea, na kinachomzuia kuingia chuo cha uuguzi ni kukosa D ya Hisabati na ya Biolojia tu. "Wewe nong'onewa," aliniambia. "Mimi nakokotoa."

Sasa mimi, mjanja wa Murungu, kuna kitu nilikisahau.

Chumba cha mtihani huingii na simu.

Kimya kile! Nyuki wote wakaamka. Swali la kwanza nalisoma, naliona kama Kichina. Basi nikaanza kujinong'oneza mwenyewe, kama yule dada: tulia... taratibu... vuta pumzi... Na haki ya Mungu, ikakubali. Namba zikaanza kukaa. Nikainama mbele, nikaendelea.

Mbele yangu alikaa Odilia.

"We kijana! Unamnong'oneza nani?" Msimamizi alikuwa ameshafika kwenye dawati langu.

"Najinong'oneza mwenyewe, mwalimu."

"Unajiambia nini?"

"Tulia."

Chumba kizima kikacheka. Odilia hakucheka.

Tukatolewa wote wawili mpaka kwenye korido, karatasi zetu zikalinganishwa swali kwa swali. Yangu ilikuwa nyeupe karibu yote. Yake imejaa mpaka pale alipokuwa amefika, hata kipofu angejua hakuna aliyemsaidia. Mwishowe wakasema hatuna kosa, turudi tuendelee. Muda uliopotea hawakuturudishia.

Karatasi zilipokusanywa nikamfuata nje na mdomo wangu wa maneno mengi. Akanitazama kama vile mimi ni mbuzi aliyekula gauni lake la kanisani.

"Maswali ya mwisho sikuyagusa," akasema. "Na nilikuwa nayajua."

Akaondoka.

Mimi kufeli nimezoea, nafeli nikipiga mluzi. Lakini kumfelisha mtu aliyejua? Hilo halina mluzi. Mama kaniuliza imekuwaje, nikasema salama. Nimemfungulia yule dada wa simu, nikamzima hapo hapo. Ananiambia nitulie. Atulie yeye.

Kesho Odilia ana Biolojia. Mimi sina mtihani, ila nitakuwa getini kabla hajafika. Maneno sijayapata bado. Najua tu nitayasema kwa sauti, mbele ya wote waliocheka, kwamba aliyekosa ni mimi. Akinipita bila kugeuka, nitamwachia njia.